Usukani ukianza kucheza barabara ya Kajiado

Kijana aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne huiona dunia nzima kuwa yake. Ndivyo alivyokuwa mpwa wangu, mkazi wa Kitengela, mwezi Desemba mwaka juzi, alipoamua kwamba yeye na wenzake wawili wangeendesha baiskeli hadi Kajiado, walale kwa babu ya mmoja wao, kisha warudi kesho yake. Ni yapata kilomita 50 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mamake, ambaye ni dada yangu, hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Mimi ndiye niliyemwombea kijana ruhusa. Kwa hivyo, msomaji, katika yale yaliyotokea nina hisa zangu.

Kwenda walienda salama salimini. Walipumzika Isinya, wakapiga picha, wakafika Kajiado kabla ya jua kutua. Kurudi ndiko kulikozua balaa. Mji wa Kajiado uko juu kidogo kuliko Kitengela, na anayerudi hukutana na miteremko mirefu ambayo kwa macho haionekani kuwa mikali, lakini huipa baiskeli mbio bila mtu kukanyaga pedeli. Wakiwa wanakaribia Isinya, mpwa wangu alikuwa ameketi ametulia, miguu imepumzika, akautoa mkono mmoja kwenye usukani ili afute jasho lililomwingia machoni. Usukani ukaanza kucheza. Mwanzo ulicheza kidogo tu, kama mkono wa mzee anayeshika kikombe. Kisha ukashika kasi, kushoto kulia, kushoto kulia, upesi kuliko anavyoweza mtu kuhesabu.

Akaukamata kwa mikono yote miwili na kuukaza kwa nguvu zake zote. Ukazidi. Baiskeli nzima ikawa inajinyonganyonga kama samaki aliyetolewa majini. Nyuma yake kulikuwa na lori lililotoka upande wa Namanga, na dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Kijana aliona afadhali changarawe kuliko magurudumu ya lori, akaielekeza baiskeli nje ya lami. Alianguka vibaya. Alichunika kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, na goti likafura kama embe. Lori lilipita.

Mamake alipomwona akiingia langoni siku hiyo alitamka neno moja tu: “Uza.”

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Dada yangu alishikilia kuwa kijana alikuwa na papara. Jirani mmoja alilaumu baiskeli za mitumba, akidai kuwa Wazungu huzitupa zikiwa zimeshapinda. Lakini mwenyewe aliniambia, tena kwa sauti ya chini ili mamake asisikie, “Mjomba, sikugonga kitu chochote. Pale barabara ilikuwa laini kabisa. Ilianza yenyewe.” Maneno hayo yalinikaa kichwani. Kitu kilichoanza chenyewe siku moja kinaweza kuanza chenyewe siku nyingine, na huenda lori la siku hiyo lisiwe na nafasi ya kupita.

Tuliipeleka baiskeli kwa fundi mmoja wa Kitengela ambaye karakana yake ni kivuli cha mti, sanduku la spana na karai la maji la kutafutia pancha. Nilitarajia angeuliza kijana alikuwa akienda mbio kiasi gani. Hakuuliza. Alichotaka kujua ni, “Mzigo ulikuwa umekaa wapi?”

Mzigo na maziwa ya babu

Tulirudi nyumbani tukaupanga mzigo kama ulivyokuwa siku hiyo. Hema, blanketi, sufuria, jiko dogo la gesi, nguo, na kitu kimoja ambacho mimi sikuwa nimekisikia hadi wakati huo: mtungi wa lita tano wa maziwa. Babu wa Kajiado, kama ilivyo desturi ya wenyeji wema, hakukubali wageni wake waondoke mikono mitupu. Mtungi huo ndio uliofungwa mwisho, kwa hivyo ukakaa juu ya vyote, juu ya blanketi, ukashikwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Nao haukuwa umejaa. Wakati wa kwenda mtungi huo haukuwepo.

Tulitia maji mahali pa maziwa, tukapima mzigo wote kwenye mizani ya duka la vifaa vya ujenzi. Ulikuwa kilo 23. Fundi aliitazama baiskeli ilivyosheheni, akasimama kando yake, akashika kiti na kukitikisa mara moja kwa ghafla, kushoto na kulia. Fremu ilisimama. Mzigo uliendelea kucheza peke yake mara nne au tano.

“Umeona, Mzee?” akaniambia. “Huyu si kijana wako aliyeyumba.”

Kisha akachuchumaa nyuma ya keria. Boliti moja kati ya zile zinazoshika miguu ya keria karibu na ekseli haikuwepo. Mahali pake palikuwa na waya. Mpwa wangu alikumbuka kwamba ndiye aliyeifunga waya hiyo, miezi kadhaa nyuma, akisubiri kupata boliti.

Kwa nini hutokea

Ili kuelewa jambo hili, msomaji, ifikirie baiskeli kuwa vipande viwili. Kipande cha mbele ni usukani, uma na gurudumu la mbele. Cha nyuma ni fremu, gurudumu la nyuma, mwendeshaji na mzigo wake. Vimeunganishwa kwa gololi zilizo ndani ya shingo ya fremu. Baiskeli inayokwenda haisimami wima kama meza. Kila wakati inataka kuanguka, na kila inapoelekea kuanguka kushoto gurudumu la mbele hugeuka kidogo kushoto na kuidaka. Hufanya hivyo upande huu na upande ule, kidogo sana, hata mwenyewe asijue. Ndiyo sababu mtoto anayejifunza, ambaye huukaza usukani usigeuke, huanguka haraka.

Gurudumu la mbele likirudi katikati hupitiliza kidogo, likarudi tena. Kwa kawaida mtikisiko huo hufa papo hapo kwa sababu mikono, mapaja na tairi huumeza. Shida huanza pale kitu kingine kinapoulisha. Wewe umewahi kumwona abiria aliyesinzia ndani ya basi linalokata kona: basi limeshaenda kulia, kichwa chake bado kinaelekea kushoto. Mzigo uliofungwa juu ya keria ni abiria wa namna hiyo. Gurudumu linapogeuka, mzigo hubaki nyuma. Keria inapinda kidogo, mipira inavutika, fremu yenyewe inajisokota kidogo kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza. Vyote hivi ni springi. Vinaporudi, vinarudi vimechelewa, wakati gurudumu limeshageuka kuelekea upande wa pili, na hulisukuma lizidi kwenda huko.

Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Msukumo mdogo ukija kwa wakati wake kila mara, bembea hupanda hadi mama wa mtoto akapiga kelele. Kila baiskeli pamoja na mzigo wake ina mwendo wake ambao misukumo hii huangukiana sawasawa. Chini ya mwendo huo huoni dalili yoyote ya hatari. Ukiufikia, usukani hucheza mara tano au zaidi kwa sekunde moja, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuufuata na kuurekebisha kwa upesi huo. Ndiyo maana vijana wetu walipanda hadi Kajiado pasipo neno. Walikuwa wakienda polepole, na mzigo ulikuwa chini zaidi.

Usidhani haya ni mambo ya mafundi wa chini ya mti pekee. Mwaka wa 1970, mwanakemia Mwingereza aitwaye David Jones alieleza katika jarida la Physics Today jinsi alivyojaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka, ili ajue ni kitu gani hasa huifanya isimame. Maelezo yaliyozoeleka vitabuni yalikuwa kwamba baiskeli husimamishwa na mzunguko wa magurudumu, au na jinsi gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani. Mwaka wa 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli ndogo ya majaribio ambayo haikutegemea lolote kati ya mambo hayo mawili, na bado ilijisimamia yenyewe bila mtu. Mojawapo ya mambo waliyoonyesha ni kwamba jinsi uzito ulivyogawanywa, hasa kwenye kipande cha mbele, lina uzito wake katika hesabu hiyo. Fundi wetu hajasoma jarida hilo, lakini swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo.

Na kuna walimu wengine walio karibu zaidi. Mtazame mwuza maji wa mtaani. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na yeye huning'iniza mmoja huku na mwingine huku, chini kadiri awezavyo, pande zote mbili sawa, kwenye keria ya chuma kizito iliyoshikiliwa na vyuma vinene hadi kwenye ekseli. Akifika mlimani hushuka na kusukuma. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, kuna chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho wenyeji wamekienzi kiasi cha kukijengea sanamu mjini. Chukudu hubeba magunia ambayo yangevunja baiskeli yoyote ya dukani, na bado huteremka kutoka vilimani. Siri yake haina uchawi: ubao wa kubebea uko chini, kati ya gurudumu na gurudumu, wala hauning'inii nyuma.

Kupanga mzigo

Kwa hivyo, kwa familia inayofikiria safari kama hii likizoni, kazi kubwa ni ya jioni ya kabla ya safari. Vitu vizito, yaani maji, chakula, vyuma vya hema na vifaa vya kutengenezea baiskeli, vikae chini kabisa kwenye mifuko miwili ya pembeni, iliyopimwa ikalingana. Mizani ya jikoni au hata mikono miwili yatosha. Vivutwe mbele, karibu na mwendeshaji. Kilo moja iliyo nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma ina ubaya kuliko kilo mbili zilizo mbele yake. Juu ya keria pabaki vitu vyepesi kama blanketi. Chupa za maji zikae ndani ya fremu. Ukiwa na mifuko midogo ya kufunga kwenye uma wa mbele, pande zote mbili na chini, sehemu ya mzigo ikienda huko itasaidia sana kuondolea nyuma uzito.

Lakini mfuko wa plastiki unaoning'inia kwenye usukani, ule wa mkate na maziwa ambao sote tumewahi kuubeba, ni adui. Unabembea, na kila unapobembea unaugeuza usukani.

Mipira ya tyubu haina lawama yoyote kwa kushikilia sweta. Kwa mzigo mzito tumia kamba isiyovutika au mikanda yenye kifungo, ukaze, kisha fanya jaribio la fundi: shika kiti, tikisa kwa ghafla. Mzigo, keria na fremu viende pamoja na kusimama pamoja. Kikibaki kitu kimoja kinacheza, fungua uanze tena. Jaribio hili halikugharimu senti, nami nimelirudia tangu siku hiyo kwenye baiskeli nyingi za watu ambao hawakuniomba.

Upande wa baiskeli yenyewe, bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kimegusa shingo ya fremu. Ukisikia kitu kinagonga, shingo imelegea. Ikazwe, lakini isikazwe kupita kiasi: ukiinua mbele, gurudumu liwe linaanguka lenyewe upande wowote bila kukwama. Shika rimu ulisukume gurudumu kushoto na kulia. Likicheza kwenye ekseli yake, hiyo ni kazi ya spana. Gonga spoki mojamoja. Iliyolegea hutoa sauti ya uvivu kati ya wenzake. Tairi zijazwe upepo kufuatana na namba zilizochapwa ubavuni mwake, na ya nyuma, ambayo hubeba sehemu kubwa ya uzito, isiwe laini hata kidogo. Halafu zile boliti za keria. Usitumie waya. Mpwa wangu anaweza kukueleza kwa nini.

Ukishamaliza, ijaribu baiskeli ikiwa na mzigo wake wote kwenye uwanja au barabara ya mtaani isiyo na magari, kwanza polepole, kisha kwa mwendo mkubwa zaidi, ukilegeza mikono bila kuiachilia. Kama ina tabia ya kuyumba, itakuonyesha huko, ambako hakuna lori.

Wasichana wengi na akina mama hutumia baiskeli isiyo na bomba la juu, ile wanayoiita ya kike. Ni nzuri kupandia ukiwa na sketi ya shule, lakini fremu yake hujisokota kwa urahisi zaidi ikibebeshwa mzigo nyuma. Ipewe mzigo mdogo, na mteremkoni iende kwa mwendo mdogo. Vivyo hivyo mtoto anayepelekwa shuleni akiwa amekalia keria: yeye ni mzigo unaogeuka kuangalia ng'ombe. Awe na mahali pa kukanyaga, mbali na spoki, na amshike mzazi kiunoni.

Ukikupata barabarani

Hata ukijitayarisha vipi, barabara hii ina mambo yake. Inaelekea kusini, na upepo wa nyanda hizi za Kaputiei mwingi hutoka upande wa mashariki, yaani hukupiga ubavuni. Lori refu likikupita hukukinga upepo kwa nukta chache, kisha likikuacha upepo hukurudia kama kofi. Mwezi Julai asubuhi, baridi humfanya mtu atetemeke mwili mzima, na mtetemeko huo wa mabega nao hushuka hadi kwenye usukani. Vaa sweta na glovu, na usione haya.

Usukani ukianza kucheza, jambo la kwanza ambalo mwili utataka kufanya ndilo baya: kukaza mikono. Mikono iliyokazwa huwa springi nyingine. Shika usukani, lakini legeza viwiko na mabega. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili, kwa nguvu. Mara nyingi hilo peke yake huuzima mtikisiko, kwa kuwa mapaja yako huumeza. Kama baiskeli yako haina bomba hilo, bana ncha ya kiti kwa mapaja. Kanyaga pedeli na ujiinue kidogo, kiti kisibebe uzito wako wote. Kisha punguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma, wala usiibane ya mbele ghafla. Mwendo ukishuka chini ya ule mwendo wake wa maudhi, usukani hutulia kama kwamba hakuna lililotokea. Simama nje ya lami, utafute kilicholegea. Usiendelee ukijiambia kwamba imepita.

Dada yangu hakushawishika upesi. Baiskeli ilikaa imeegemea ukuta kuanzia Desemba hadi Aprili, na kila nilipofika kwake nilionyeshwa kovu la kiwiko kabla ya kupewa chai. Kilichomlegeza si maneno yangu. Siku moja kijana aliipakia baiskeli uani, akamwita mamake, akamwomba akitikise kiti yeye mwenyewe. Akatikisa. Akatikisa tena kwa nguvu zaidi, mkono mmoja kiunoni. Kisha akaenda ndani akaleta mizani ya jikoni, akapima mfuko wa kushoto na wa kulia. Walihitilafiana kwa gramu 200, na akaamuru sufuria ihamishwe.

Mwezi Agosti walikwenda tena Kajiado, watatu walewale. Masharti yalikuwa wapige simu Isinya, kwenda na kurudi, na kila mtu afike Kitengela kabla ya saa kumi na moja jioni. Babu, ambaye alikuwa amesikia habari za mwanzo, safari hii alitoa mitungi miwili ya lita mbili na nusu, imejaa hadi mdomoni, mmoja kwa kila upande.

Walipiga simu Isinya. Saa kumi na dakika chache langoni kukabishwa hodi, na dada yangu akaweka sufuria ya chai jikoni kabla hata hajaenda kufungua. Maziwa yalikuwa yamefika.